Pingu za Abu Jandali

Majuzi, kwenye kikao cha viongozi wa dini hapa Mombasa, mama mmoja aliinuka kueleza jinsi mwanawe alivyochukuliwa alfajiri na watu wasiovaa sare, na jinsi kila kituo cha polisi kinavyomwambia hayupo. Hakumaliza. Mwenye kuongoza kikao, Mwislamu mwenzangu, alimkatiza: "Mama, hapa tumekuja kujenga amani. Hayo yapeleke kwingine." Ikasomwa dua, chai ikamiminwa. Hasira iliyonishika siku ile haijanitoka.

Maana ya uadilifu haina haja ya kutuchelewesha: mwenye haki apewe haki yake, na Qurani inataka hivyo hata pale hukumu inapotuangukia sisi na wazazi wetu, au inapomnufaisha tunayemchukia. Kwamba wachochezi nao hujificha nyuma ya madai ya haki, ni kweli. Na Mkristo wa Likoni anayekumbuka waumini waliopigwa risasi kanisani Machi 2014 ana sababu ya kuogopa, kama alivyo nayo jirani yake wa Majengo anayekumbuka Masjid Musa ilivyovamiwa na polisi Februari mwaka huohuo.

Hoja nisiyoweza kuivumilia ni ile inayotolewa na masheikh wetu wenyewe: amani kwanza, haki itafuata, kwani hata Mtume (s.a.w.) alikubali mkataba wa Hudaybiya na Makureshi wa Makka. Wanaitaja Hudaybiya kana kwamba ilikuwa amri ya kunyamaza! Mwaka ule wa 6 Hijria, Mtume alikubali cheo chake cha utume kifutwe kwenye hati. Lakini cheo kilikuwa chake, na mtu anaweza kusamehe kilicho chake. Nani kati yetu anamiliki mtoto wa yule mama hata amsamehe kwa niaba yake? Tena Umar, sahaba wake, alipinga waziwazi, akamwendea Mtume na maswali makali: si tuko kwenye haki? Mbona tukubali unyonge? Akajibiwa. Hakuna aliyemwambia anavuruga amani.

Mimi moyo wangu uko kwenye mkataba wa zamani zaidi, Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alimuuzia bidhaa Al-As bin Wail, mkubwa wa Makka, naye akakataa kulipa. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda mlima Abu Qubays, akalia kwa sauti mji mzima umsikie. Zubayr, ami yake Mtume, akawaita watu nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Kisha wakaenda kwa Al-As, wakamrudishia mgeni mali yake. Waliokula kiapo walikuwa waabudu masanamu. Muhammad, kijana bado, alikuwepo, na baada ya kupewa utume alisema kwamba angeitwa tena kwenye kiapo kama kile angeitika. Sijui msingi bora kuliko huu kwa Mwislamu anayekaa meza moja na padri na mzee wa kaya wa Kimijikenda. Makka ilikuwa mji wa biashara uliojaa wageni, kama wetu, na watu wale walikutanishwa na malalamiko ya mtu mmoja.

Hata hivyo Hudaybiya ina jambo linalonikwamisha. Mkataba ukiwa unaandikwa, Abu Jandali, Mwislamu aliyefungwa huko Makka, alifika akiburura pingu, akiomba hifadhi kwa Waislamu. Baba yake, Suhayl, aliyekuwa mjumbe wa Makureshi, akamdai, na Mtume akamrudisha, akimwusia subira. Hapo haikuwa haki ya Mtume peke yake iliyotolewa. Baadaye Abu Jandali alitoroka, akajiunga na watoro wenzake pwani ya Bahari ya Shamu, wakaziandama njia za misafara mpaka Makureshi wenyewe wakaomba sharti la kuwarudisha watoro liondolewe. Je, subira ndiyo iliyoshinda, au amani haikutulia mpaka dai la waliorudishwa lilipotimizwa? Navutwa huku na huku. Lakini Abu Jandali alisikilizwa mpaka mwisho, akajibiwa yeye mwenyewe, mbele ya watu. Mama yule hajajibiwa, na kwenye ajenda ya kikao kijacho jambo lake halimo.