Malaika Alileta Mkate Kwanza

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Eliya tunampenda akiwa Karmeli, moto ukishuka. Akiwa chini ya mretemu, akiomba afe, tunapita haraka. Lakini hebu tazama ratiba yake. Ametoka mlimani, amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, kisha ujumbe wa Yezebeli ukamfanya akimbie tena hadi Beer-sheba, na juu yake mwendo wa siku nzima jangwani. Hapo ndipo anasema imetosha.

Malaika akija hamkemei. Hamwulizi imani imeenda wapi. Anamgusa tu, anamwonyesha mkate uliookwa kwenye makaa na maji ya kunywa. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa sababu safari iliyo mbele ni kubwa. Yale maswali mazito anaulizwa Horebu, siku 40 baadaye, akiwa ameshakula na kulala.

Nimekuwa nikilitafakari somo hili mahali ambapo hamtarajii: kwenye barafu. Wengi mmepita hoteli ya Panari pale Mombasa Road bila kujua kwamba mwaka 2005 ulifunguliwa humo uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na ndipo timu yetu ya hoki ya barafuni, Ice Lions, ilipoanzia mazoezi. Mimi nilienda kusindikiza vijana wa kanisa. Nikaona watu wazima nao wanajifunza, nikaomba viatu vya saizi yangu.

Ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani alikuwa akija na binti yake wa miaka tisa. Yeye amepita 40 na anafanya shifti ya usiku Industrial Area, kwa hivyo wiki nzima mtoto anamwona baba akilala. Jumamosi asubuhi ndiyo saa yao. Alikuwa anatoka kazini moja kwa moja, na kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yake ya kufunga, tumboni hakuna kitu. Dakika 20 za kwanza anaenda vizuri. Halafu anaanguka, anaanguka tena, mtoto anamvuta mkono. Jumamosi ya tatu akaketi kando na kuniambia, “Pasta, kuna kitu kinanipinga. Hata hii saa moja na mtoto wangu imekataa. Niombee.”

Nikamwombea. Kisha nikamuuliza, “Ndugu yangu, mara ya mwisho umekula lini?” Jana jioni. “Na kulala?” Akacheka tu.

Sikiliza, mpendwa. Kwenye barafu kinachokushikilia ni magoti yaliyokunjwa, na magoti yanashikiliwa na mapaja. Mapaja yakichoka, unajikuta umesimama wima bila kujua, uzito unarudi nyuma, na hapo chini unaenda. Mwili usio na chakula unafika hapo mapema. Usingizi nao una kazi yake: ule ujuzi mpya uliojaribu mchana, ubongo unaupanga ukiwa umelala. Mtu mzima anahitaji angalau muda wa saa 7. Anayejifunza bila kulala anaanza karibu upya kila wiki, halafu anasema ni uzee. Ama anasema ni adui.

Tulipanga upya. Kufunga akahamishia Jumatano. Jumamosi akitoka kazini analala kwanza, akiamka anakula nduma au viazi vitamu na yai, muda wa saa mbili hivi kabla ya mazoezi, na wanaenda jioni. Maji anabeba, maana kwenye baridi kiu haikuambii ukweli. Wakirudi nyumbani ni maharagwe na chapati, na mama mtoto anasema sasa anamaliza sufuria. (Mwenye sukari au pressure aongee na daktari wake kwanza, tafadhali.)

Shida ilikuwa mwendo. Mtu amelipa, anataka kutumia kila dakika! Nilisomea biashara, na jambo moja nililobeba kutoka darasani ni kwamba pesa iliyokwisha kutoka mfukoni isikuamulie hatua inayofuata. Dakika 10 unateleza, tano unakaa. Magoti yakianza kunyooka, toka, hata kama muda umebaki. Na misuli ikiuma siku ya pili, hata ya tatu, hiyo ni kawaida kwa anayeanza. Iache ipone kabla ya kurudi.

Yakobo aliijua hesabu hii. Esau alipotaka waende pamoja, Yakobo alimwambia watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Ikikimbizwa siku moja tu, kundi lote litakufa (Mwanzo 33). Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Baba yule sasa anazunguka mara tatu na binti yake, kisha anakaa, na mtoto anakuja kukaa naye. Hapo kwenye benchi, akaniambia, ndipo wanapoongea.

Sisemi tuache kufunga wala kukesha. Mimi mwenyewe nitaongoza kesha ya Ijumaa hii, kuanzia saa tatu usiku. Lakini nimeongea na Bishop, na amekubali nitangaze hivi: wewe uliyetoka shifti ya usiku wiki nzima, na wewe mama mwenye mtoto mchanga, Ijumaa kula na ulale. Majina yenu tutayataja sisi.