Mgeni Alikuja, Mwenyeji Hakupona

Wali wa Honolulu hupakuliwa kwa kijiko cha aiskrimu. Mabonge mawili ya mviringo yanakaa ubavu kwa ubavu, na pembeni yao la tatu, la saladi ya makaroni iliyokolea mayonezi. Kitoweo unachagua mwenyewe: kuku wa kukaanga wa Kijapani, mbavu za kuchoma za Kikorea, adobo ya Wafilipino, au nyama ya kopo, ambayo kwetu ni chakula cha safari na kule imepewa cheo cha kitoweo kamili. Vyote hivyo vinafungwa ndani ya boksi moja, unalipia kaunta, unatafuta kiti. Vitambaa vya meza hakuna, wala anayevidai.

Nilikula ya kwangu sokoni, katika mtaa wa Wachina, hatua chache kutoka Soko la Oahu, ambalo lipo tangu 1904 na ambako jodari bado hulazwa juu ya barafu wateja wakimpapasa na kubishania bei. Kaunta niliyoiangukia ilikuwa na kioo kilichofunikwa na mvuke, sufuria pana chini yake, na nyuma yake mama wa makamo, miwani ikimning'inia kifuani. Kila mteja alimwita Anti, awe mjukuu wake au mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. Hilo halikunipa shida. Mahali ambapo mtu mzima haitwi kwa jina lake tupu, mtu wa pwani hujisikia yuko kwao.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Tanzania."

"Jirani na kina Obama?"

Nikakubali ujirani. Baba yake Obama alifika Honolulu kutoka Kenya mwaka 1959 kusoma chuo kikuu, mwaka uleule visiwa hivyo vilipofanywa jimbo la 50 la Marekani, na tangu mwanawe awe rais, Mwafrika wa Mashariki akitua pale huanzishiwa mazungumzo kwa jina hilo. Anti akauliza kama nakula nguruwe. Nikamwambia sili. Basi akanichagulia laulau ya kuku na pweza wa nazi, halafu akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa wa ubao wa vyakula. "Poi unataka? Hiyo inalipiwa mbali. Wageni wengi huionja wakaiacha, mimi huumia."

Nikasema naitaka, na nitaimaliza.

Laulau hufunguliwa. Majani ya nje ni kamba na sahani tu, hayaliwi. Ndani yake kuna majani ya magimbi yaliyopikwa kwa mvuke saa nyingi hadi yakawa meusi na laini, yamemganda kuku. Pweza alikuwa amepikwa na majani hayohayo kwa tui zito. Nilipoonja nilinyanyua kichwa kumtazama Anti, maana ladha ile naijua. Na haikufika kule kwa bahati. Magimbi, ndizi na nazi vina asili ya Asia, na mabaharia wa Kusini Mashariki ya bara hilo walivipakia kwenye mitumbwi yao. Wa ukoo wao walioelekea mashariki walisambaa kisiwa kwa kisiwa mpaka vizazi vyao vikafika Hawaii. Walioelekea magharibi walivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska na Visiwa vya Ngazija. Ngalawa yetu yenye mirengu miwili na mtumbwi wa Hawaii wenye mrengu mmoja ni watoto wa ukoo huo. Kwa hiyo sikuwa ugenini sana kama tiketi yangu ya ndege ilivyodai.

Poi yenyewe ni gimbi lililopikwa, likapondwa, likaongezwa maji. Rangi yake ni zambarau iliyopauka, inang'aa, inaliwa ya baridi. Uzito wake hupimwa kwa idadi ya vidole vinavyohitajika kuichota: nzito yatosha kidole kimoja, nyepesi huhitaji vitatu. Ya Anti ilikuwa ya viwili. Ukiitia mdomoni mwanzo huoni kitu, kisha unakuja uchachu mdogo unaokaa nyuma ya ulimi, na kadiri siku zinavyopita uchachu huo huzidi. Wazee huipenda hivyo. Watalii wamezoea kuicheka kwamba ni gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Mtu anayelamba poi peke yake akatoa hukumu hana tofauti na anayemega ugali mkavu, asiguse mchuzi, kisha akasema Waafrika hawajui kupika. Uchote na kipande cha samaki wa chumvi, ndipo useme.

Ila kilichonikaa kichwani zaidi ya ladha ni ule mstari wa mwisho wa ubao. Nje bango linasema chakula cha Hawaii. Ndani, chakula cha wenyeji wa Hawaii ndicho cha nyongeza, ndicho ghali, ndicho unachoulizwa kama kweli unakitaka. Watu wa kule wenyewe hutofautisha: wali na makaroni na kuku wa Kijapani ni chakula cha hapa, poi na laulau ni chakula cha Kihawaii. Mgeni kama mimi husikia vitu hivyo viwili kama kimoja.

Hicho chakula cha hapa kilipikwa na mashamba ya miwa. Kuanzia 1852 wenye mashamba waliagiza vibarua Wachina, wakaongeza Wareno, na tangu 1885 Wajapani kwa maelfu. Karne mpya ilipoingia wakafuata watu wa Puerto Rico, Wakorea na Wafilipino. Kila taifa lilipangiwa kambi yake na, mara nyingi, mshahara wake, ili wasipatane. Kila kibarua alivaa kipande cha chuma chenye namba. Kwa namba hiyo alilipwa, kwa namba hiyo alikopa dukani, kwa namba hiyo aliitwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu. Aliandikishwa Kigoma na SILABU, ile ofisi ya kukusanya vibarua iliyoanzishwa na wenye mkonge mwaka 1944, akapandishwa treni, akapandishwa lori, akashushwa Muheza, akawa manamba. Alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi, na posho yake ya unga. Kambini alikuta Wabena, Wangoni, Wamakonde, watu wa Burundi. Alikuja na mapenzi ya mawese, akafa mlaji wa tui. Hakuna aliyemfundisha kwa semina. Jirani yake wa chumba cha pili alikuwa anapika maharage ya nazi, na ukuta wa bati hauzuii harufu.

Hawaii wanaihadithia hivyohivyo. Saa ya chakula, vibarua walikaa chini pembezoni mwa shamba na mikebe ya ghorofa mbili, wali chini, kitoweo juu, na mikebe ikazunguka. Mjapani akaonja adobo, Mfilipino akaonja samaki mkavu. Mwaka 1909 Wajapani waligoma peke yao wakidai malipo sawa na ya wengine, wakashindwa. Mwaka 1920, kisiwani Oahu, Wafilipino na Wajapani waligoma pamoja. Siwezi kuapa, lakini nadhani mikebe ilitangulia vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi.

Ni hadithi nzuri, na mimi mjukuu wa manamba ningeweza kuishia hapo nikashiba. Tatizo ni kwamba hadithi hiyo ina wageni watupu. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawaii mgeni alikuja, tena wa kila aina, na mwenyeji hakupona. Wengi waliuawa na maradhi ya meli za Wazungu. Mwaka 1848 ardhi iligawanywa upya kwa hati, na 1850 sheria ikaruhusu wageni kuinunua. Mwaka 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wakubwa wa sukari, askari wa manowari ya Kimarekani wakiwa wamesimama mitaani. Bunge la Marekani lilikuja kuomba radhi rasmi miaka 100 baadaye. Mwaka huohuo wa 1893, huku kwetu, Daktari Richard Hindorf alipokea miche ya mkonge kwenye pwani ya Tanga, 62 tu ikiwa hai, na ikatosha kumeza ardhi ya Wabondei, wenyeji wa huko.

Lakini ukitaka kujua kwa nini poi ni ghali, acha malkia, fuata maji. Magimbi ya Hawaii hulimwa kwenye majaruba, nayo hayataki maji yaliyotuama. Yanataka mto upite, uwe baridi, utoke upande wa pili uendelee kwa jirani. Muwa nao una kiu. Mwaka 1876 wana wawili wa wamisionari, Alexander na Baldwin, walianza kuchimba mfereji kwenye kisiwa cha Maui kuuchukua mto upande wenye mvua na kuupeleka upande mkavu kwenye miwa yao. Oahu wakafuata: Mfereji wa Waiahole, uliochimbwa 1913 hadi 1916, ulitoboa mlima mzima. Chini mabondeni majaruba yakakauka na wakulima wakahamia mjini kutafuta ajira. Gimbi likawa adimu kwenye nchi inayoamini kwamba gimbi ni kaka wa binadamu. Hilo silo fumbo langu. Katika masimulizi yao, mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, akaota gimbi. Aliyezaliwa baada yake, Haloa, ndiye babu wa watu.

Hata kuponda kwenyewe kulipata misukosuko. Waliotaka kuuza poi iliyopondwa kwa jiwe juu ya ubao, kama babu zao, waligongana na kanuni za afya, mpaka ikatungwa sheria mwaka 2011 ya kuwaruhusu. Nyama ya kopo haikuwahi kuhitaji kutungiwa sheria ya namna hiyo.

Mezani nilikaa na mzee mmoja ambaye wazazi wa wazazi wake walitoka Japani na namba zao shingoni. Nilimwuliza juu ya maji. Akacheka, akagonga ukingo wa bakuli langu. Kuna mila, akasema: bakuli la poi likiwa wazi watu hawagombani, kwa kuwa kaka mkubwa yupo mezani. Nikanyamaza kwa adabu. Nimeifikiria mila hiyo tangu siku ile, na naona inatumiwa vibaya na wanaouza visiwa vile kwenye mabango ya utalii kana kwamba ni nchi isiyo na mdai wala mdaiwa. Mila inasema ugomvi usimame wakati wa kula. Haikusema ugomvi hauna haki.

Mzee alikuwa anajua hayo kuliko mimi. Bakuli lilipoisha, alinieleza mwenyewe habari za bonde la Waiahole. Miaka ya 1970 mwenye ardhi alitaka kuwafukuza wapangaji wa bonde hilo na la jirani, Waikane, ajenge nyumba. Waliofunga barabara kwa miili yao walikuwa Wahawaii, Wajapani na Wafilipino, wakulima wa magimbi na viazi na ndizi. Mwaka 1977 serikali ya jimbo ikanunua sehemu ya ardhi hiyo. Kampuni ya sukari iliyokuwa ikitumia mfereji ilipofunga kazi miaka ya 1990, wakulima wale wakadai maji yarudishwe mtoni. Wakubwa waliyataka yaende kwenye mashamba mengine na majengo. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Hawaii ikaamua kwamba maji ni amana ya umma na kwamba anayetaka kuyachota kwa biashara yake ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Sehemu ya maji imerudi. Majaruba yamefufuliwa, si yote. Sukari yenyewe imekwisha: kiwanda cha mwisho, kule Maui, kilifungwa Desemba 2016. Boksi langu la chakula lilikuwa limeandikwa chini kwamba limetengenezwa kwa makapi ya miwa, China.

Nililoliona kwa wale wa Waiahole ni kwamba mjukuu wa kibarua hakulazimika kumwomba mtu msamaha wa kuzaliwa kwake pale. Babu yake hakunyang'anya ardhi, aliletwa. Ila mwenyeji alipodai mto, alijua asimame upande gani, ingawa mfereji ule ndio uliomlipa babu yake mshahara.

Kwetu Tanga jambo hilo si la kitabuni. Mashamba kadhaa ya mkonge yaliyotelekezwa yamefutiwa hati na serikali, na wanavijiji wanagawiwa. Kwenye foleni moja wamo Wabondei waliokuwepo kabla ya mche wa kwanza, na wamo wajukuu wa manamba kama mimi, ambao makaburi ya babu zao yamo humohumo kambini. Ndugu zangu wanasema jasho la mzee lilishanunua eka zake. Mimi nimewaambia kwenye mkutano ujao wa kijiji nitataka Wabondei waitwe kwanza, sisi tufuate. Wameshaanza kuniuliza kama nimesahau natoka ukoo gani.