Ritifaa Iliyomeza Watoto

Palikuwa na kijana wa takwimu katika ofisi moja mjini Homa Bay, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kuridhika. Kijana ni wa kutunga. Kompyuta yake si ya kutunga: kila inachokifanya humu ndicho inachokifanya kweli, na mwenye kubisha ajaribu mwenyewe.

Alipewa kazi ya kuhesabu wanafunzi wa kaunti mbili, Homa Bay na Migori, ili ijulikane ni vidonge vingapi vya minyoo na kichocho vipelekwe kila upande. Walimu walikuwa wameorodhesha watoto: namba, jina, jinsia, umri, shule. Orodha zikaunganishwa kuwa faili moja, zikapangwa kaunti ndogo baada ya kaunti ndogo, safu zikitenganishwa kwa kitufe cha Tab. Kijana akaifungua katika R kwa amri ya read.table, akiiambia kwamba safu zimetenganishwa kwa Tab, akasubiri maandishi mekundu. Hayakutokea. Akatoa jedwali, akachora na grafu ya rangi, akapeleka.

Mkuu wake, mama aliyezaliwa Mbita, alilitazama jedwali kwa muda.

"Watoto wa Mbita wamehamia wapi?"

"Madam, data imeingia safi. Hakuna kosa hata moja."

"Nimeuliza watoto, sijauliza kosa."

Kwa jedwali lile, Ndhiwa, Mbita na Nyatike zilikuwa zimepungukiwa vibaya. Kuria Mashariki na Kuria Magharibi zilikuwa zimejaa karibu kama walimu walivyoandika. Ukilisoma haraka ungesema upande wa Ziwa Victoria hauna watoto, na huko ndiko kichocho kiliko, kwa kuwa konokono wanaokieneza wanaishi majini. Vidonge vingeelekea kusiko.

Kilichowameza watoto ni ritifaa, kile kialama kilichomo ndani ya ng'ombe. Amri ya read.table, isipoambiwa vinginevyo, huhesabu ritifaa kuwa alama ya kunukuu. Ikikutana na moja inadhani maneno ya mtu yamefunguliwa, na kila kinachofuata, Tab na mwisho wa mstari vikiwemo, inakichukua kuwa sehemu ya maneno hayo mpaka ikutane na ritifaa nyingine ya kuyafunga. Sasa fikiria orodha ya shule ya Ndhiwa. Namba 17 ni Ochieng', mvulana wa miaka 9. Namba 18 ni Otieno, 19 ni Akinyi, na 20 ni Achieng', msichana wa miaka 13. R inafungua nukuu kwa Ochieng', inawapitia Otieno na Akinyi, inaifunga kwa Achieng', kisha inaendelea na safu zilizobaki za mstari wa Achieng'. Watoto wanne wamekuwa mmoja: ana namba ya Ochieng', jinsia na umri wa Achieng', na jina refu lenye ukoo wa watu wanne ndani yake. Idadi ya safu inalingana, kwa hiyo hakuna cha kulalamikia. Ritifaa zikiwa witiri, R hutoa onyo kwamba faili imekwisha kabla ya nukuu kufungwa. Zikiwa shufwa, kimya. Faili ya kijana ilikuwa na shufwa.

Upande wa Kuria wamejaa akina Chacha, Mwita, Robi na Gati, majina yasiyo na ritifaa, ndiyo maana wakapita salama. Hilo ndilo linalotisha kuliko upungufu wenyewe. Kosa linalopoteza watu ovyo ovyo lingepunguza kila mahali sawasawa na uwiano ungebaki. Hili lilichagua kwa lugha.

Dawa yake ni fupi: kuandika quote = "" ndani ya amri, au kutumia read.delim, ambayo ritifaa haiitishi. Ila dawa hiyo haimfai asiyejua kwamba anaumwa. Kijana angehesabu mistari ya faili kabla ya kuifungua, kisha akauliza nrow baada ya kuifungua, tofauti ingemkodolea macho. Hata kuuliza jina refu kuliko yote lina herufi ngapi kungetosha.

Wanafunzi wa takwimu huumia sana kwa maandishi mekundu: mabano hayakufungwa, koma imesahaulika, kitu hakionekani kwa sababu kiliandikwa kwa herufi kubwa. Hayo ni makosa ya nusu saa, na kompyuta yenyewe inakuonyesha pa kuanzia. Ya kuogopwa ni yale yanayokupa jibu. Katika Stata, thamani iliyokosekana ni kubwa kuliko namba zote, kwa hiyo ukiomba wenye zaidi ya miaka 12 unaletewa na wale ambao umri wao haukuandikwa. Katika R, kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, neno moja "sijui" ndani ya safu ya umri liligeuza safu nzima kuwa makundi; ukilazimisha makundi hayo yawe namba, unapewa nafasi ya kila kundi katika mpango wa herufi. Pale ambapo umri ni kuanzia 6 hadi 13, mtoto wa miaka 10 anakuwa na mwaka 1, na wa miaka 9 anakuwa na 8. Wastani unatoka bila shida yoyote.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya vijana wa wilayani tu. Kaskazini mwa ziwa, Busia, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula kuanzia mwaka 1998. Matokeo yakachapishwa mwaka 2004: utoro ulipungua, na hata shule jirani ambazo hazikupewa dawa zilinufaika, kwa kuwa minyoo ya kuambukizana ilipungua. Watafiti hao wakawapa wenzao wa London data na msimbo wao wa Stata wazipitie upya. Marudio, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikuta kwamba katika kuhesabu majirani ndani ya kilomita 6, msimbo ulizitazama shule 12 tu zilizo karibu zaidi. Budalangi na Funyula zina mahali penye shule nyingi kuliko hizo. Hesabu iliporekebishwa, faida iliyodaiwa kwa shule zilizo kati ya kilomita 3 na 6 ilikosa uhakika, ingawa ya shule ambamo watoto walimeza dawa haikufutika.

Magazeti yakaita mzozo huo vita vya minyoo. Wachumi na wataalamu wa afya ya umma walivutana juu ya kilomita zipi zihesabiwe na nini maana ya jumla, na Kremer akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 mabishano yakiwa bado hayajapoa. Kuhusu ile 12 hawakubishana: waandishi wenyewe waliikiri, baada ya hiyo 12 kukaa ndani ya msimbo wao miaka mingi bila kuandika neno moja jekundu.