Shimo Aangukiamo Mtu Mmoja

Tumeulizwa katika darasa letu masala ambayo twaona yafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani si ya mtu mmoja. Muulizaji asema: mtu apita njia ya umma juu ya baiskeli yake, gurudumu lanasa katika vyuma vya kifuniko cha mtaro, aanguka, avunjika au afa. Watu wamzunguka na kusema, "Kadari yake." Kisha askari aja na kuandika kwamba mpandaji alishindwa kuimudu baiskeli. Je, hapana mwenye kudaiwa?

Kwanza na tuliondoe hili la kadari. Kila litokealo hutokea kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na hilo hapana Muislamu alikataaye. Lakini aliyeuawa kwa upanga naye amekufa kwa kufikiwa na ajali yake, wala hatujasikia kadhi aliyemwacha muuaji aende zake kwa hoja hiyo. Kadari ni imani ya kumtuliza aliyefiwa. Watu wetu wameigeuza kuwa ngao ya aliyesababisha, na huo ni uvivu wa akili uliovishwa kilemba.

Sasa tutazame jambo lenyewe, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua. Asiyepanda baiskeli hudhani kwamba mpandaji husimama kwa wepesi wa mwili wake. Sivyo, husimama kwa usukani. Kila anapoinamia upande mmoja, huligeuza gurudumu la mbele kidogo kuelekea upande huo huo, likaja chini yake likamwinua, naye hata hafahamu kuwa afanya hivyo. Gurudumu hilo likibanwa lisiweze kugeuka, hana tena kinachomshika, huanguka papo hapo, hata akiwa ni hodari wa miaka 30. Kwa ajili hiyo ufa mwembamba uendao sambamba na mwendo wake huweza kumdhuru kuliko shimo pana.

Ile baiskeli nyeusi ya kazi, ibebayo mikate na maji na magunia ya mkaa, gurudumu lake lina upana wa inchi moja na nusu hivi. Vyuma vya mtaro vikilazwa kufuata urefu wa njia, na baina ya chuma na chuma pana inchi mbili, gurudumu laingia. Vikilazwa kuikingama njia, haliingii. Chuma ni kile kile, na gharama ni ile ile. Tofauti ni jinsi fundi alivyokigeuza siku alipokiweka. Ikinyesha mvua, maji yafunika mtaro mzima na mpandaji haoni chochote.

Namna ya pili ni reli ikatayo njia kwa mshazari. Kando ya reli hapana budi pawe na upenyo wa kupitia ukingo wa gurudumu la gari la moshi, nao huwa mpana kuliko gurudumu la baiskeli. Aivukaye reli kwa kuikabili sawasawa hupita salama. Aivukaye kwa mshazari hunaswa au huteleza. Na ya tatu ni ukingo wa lami, ambao twaona ndio ulioenea zaidi katika nchi yetu. Lami mpya humwagwa juu ya kuukuu, barabara ikapanda na kando ikabaki chini, na mvua nayo ikala udongo. Mpandaji asukumwapo nje na matatu au lori, mara nyingi hushuka asidhurike. Huanguka anaporudi, kwa kuwa gurudumu husugua ule ukingo wala halipandi, na huangukia upande wa magari yajayo.

Khatari hizi hakuna aliyezificha, nazo zimefichika. Gari lapita juu ya kifuniko kile kile mara elfu wala dereva hasikii hata mtikisiko. Mwenye kuikagua barabara huikagua akiwa ndani ya gari, akarudi akaandika kwamba ni nzuri, naye kwa ayaonayo hakusema uongo. Basi hapa ndipo palipo na swali zito: je, shimo ambalo watu 99 hulipita salama na wa mia huangukia humo kila siku, ni shimo au si shimo?

Mafakihi wetu walilikata jambo hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ataja katika Minhaji hukumu ya atakaye kutoa roshani juu ya njia ya umma. Sharti ni kuwa isiwadhuru wapitao. Lakini hakuishia kwa mtu apitaye kwa miguu. Ikiwa ni njia ya wapanda farasi na misafara, basi roshani na iinuliwe hata apite chini yake ngamia aliyebeba kiti cha msafiri, pamoja na miti ya kivuli chake. Zingatia, ndugu msomaji: kipimo ni yule apitaye ambaye njia ingemdhuru upesi zaidi, hata kama wenziwe wote wapita bila taabu. Ngamia akijuu-juu alikuwa kipimo cha roshani. Mwenye gurudumu jembamba ni kipimo cha lami.

Tena wasema, mwenye kuchimba shimo katika njia nyembamba likawadhuru wapitao ana dhamana, hata kama mtawala alimpa idhini, kwani mtawala hana mamlaka ya kuidhinisha madhara. Basi muhuri wa ofisi haumwokoi mtu. Na akisema, "Mtaro nimeufanya kwa maslaha ya wote, upitishe maji," twamjibu: maji yangepita vile vile lau ungekigeuza chuma. Maslaha hayakuhitaji lile dhara.

Atasema hakujua. Kutojua huondoa dhambi, hakuondoi deni. Ndiyo sababu aliyeua kwa kukosea hutolewa diya ingawa hakukusudia. Na diya hiyo haikuwa juu yake peke yake, bali juu ya akila, yaani jamaa zake wa kiume wa upande wa baba. Twaona katika hilo hekima kubwa: watu wazima wa ukoo walikuwa na sababu ya kwenda kutazama kijana wao achimba wapi. Leo khasara yote humwangukia mjane na watoto, ambao hawakuchimba kitu, na kwa hiyo hapana aendaye kutazama.

Mpandaji naye ana wajibu. Apitaye usiku bila taa amejitia katika lawama, na aliyejitupa shimoni kwa kusudi hana haki kwa mchimbaji. Lakini asiambiwe amejitupa yule aliyekiona kifuniko, na kando yake lina lori. Aliyewekwa baina ya madhara mawili hakuchagua.

Basi jawabu ya muulizaji ni kwamba warithi wana haki ya kudai, na wadai kwa aliyejenga na kwa mwenye kuiangalia njia. Na kila ajuaye mahali pa namna hii, na kunyamaza kwake ni kwa sababu yeye ana gari, naye atafute jawabu yake.

Limebaki moja lituhusulo sisi wenyewe. Mbele ya misikiti na madrasa zetu kadha wa kadha, jamaa wamejenga matuta kwa mikono yao ili kupunguza mwendo wa magari. Nia ni njema, watoto wavuka hapo. Lakini tuta lisilo rangi, lililojengwa ukingo hadi ukingo, lililo jeusi kama lami yenyewe, usiku humrusha mwenye baiskeli ajaye kuswali alfajiri. Tuta hilo lina hukumu ile ile ya shimo. Waliolijenga na walipake chokaa au rangi nyeupe, na wakate upenyo kila upande wa kupita baiskeli; ni kazi ya asubuhi moja, na chokaa irudiwe kila baada ya masika.