Nyumba ya Udongo, Taa za Vioo

Ukitoka Karatu kwenda Ngorongoro, nyumba zinabadilika haraka kuliko hali ya hewa. Karatu mjini ni tofali za kuchoma, saruji na bati. Ukishapita lango la Loduare, barabara inapanda msituni mpaka ukingoni mwa kreta, na huko unakutana na hoteli za kitalii. Ukiteremka upande wa pili, njia ya Serengeti, unaanza kuyaona maboma ya Wamaasai. Ni mwendo wa saa chache tu, lakini njiani umepita kwenye swali moja gumu la usanifu majengo: ni nani mwenye haki ya kuamua nyumba ifanane na nini?

Tuanze na hoteli. Ngorongoro Wildlife Lodge, ya miaka ya mwanzo ya 1970, imetandazwa ukingoni kama treni iliyosimama ili kila dirisha litazame kreta. Serena, iliyofuata miaka ya 1990, ilijengwa kwa mawe na kuachwa mimea itambae ukutani, jengo lipotee kwenye mteremko. Kisha kuna Ngorongoro Crater Lodge, kazi ya msanifu Silvio Rech wa Afrika Kusini. Hiyo haitaki kupotea. Vyumba vyake vimesimama juu ya nguzo, kwa nje vina sura ya udongo na nyasi, umbo lililoazimwa kwa Wamaasai. Ndani kuna taa za vioo zinazoning'inia, mapazia mazito na mawaridi. Wenye utalii hupenda kusema kwamba boma la Wamaasai limekutana na jumba la Versailles.

Rech si mtu wa kubeza. Ametembea na kazi hii bara zima na visiwani: Makalali kwao Afrika Kusini, Jao kwenye maji ya Okavango huko Botswana, North Island Shelisheli, Angama Mara nchini Kenya. Kote huko anatafuta umbo ambalo mahali penyewe panalijua, na mikono ya mafundi wa hapo inaonekana kwenye kazi. Ukilinganisha na hoteli za kioo na zege zinazofanana kuanzia Dubai hadi Dar, ni lazima umpe heshima yake.

Sasa tuiangalie nyumba iliyoazimwa. Enkaji ya Kimaasai hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anazisuka, anakandika udongo na kinyesi cha ng'ombe, anaamua moto ukae wapi na ndama alale wapi. Mvua ikipenya usiku, ni yeye anayetoka kwenda kuziba paa. Chuoni tungesema yeye ni msanifu, mkandarasi na mteja kwa wakati mmoja. Hana ramani ya karatasi, lakini hakuna anayeijua nyumba ile kumzidi. Na kwa kuwa ni yake, anaweza kuibadilisha.

Anaweza kweli? Hapa ndipo penye mwiba. Kwa miaka mingi wakazi wa hifadhi hawajawa huru kujenga nyumba za kudumu. Unahitaji kibali, na kibali hakipatikani kirahisi. Aprili 2021 zilitolewa notisi za kuondoa majengo kadhaa ndani ya hifadhi, kisha zikasitishwa baada ya kelele nyingi. Hoja ya serikali si ya kupuuza: Ngorongoro ilipotengwa mwaka 1959 walikuwamo watu wapatao 8,000, na leo wanatajwa kukaribia 100,000, pamoja na mifugo yao. Ardhi haiongezeki.

Lakini tazama matokeo yake. Mgeni analipa fedha nyingi alale kwenye umbo la nyumba ya udongo lenye bafu la maji moto. Mwenye umbo lenyewe akitaka tofali na bati, anaambiwa anaharibu mandhari. Yaani udongo kwa mmoja ni mtindo, kwa mwingine ni amri.

Mtu atasema, usanifu wote ni kuazima. Kweli kabisa. Milango ya Zanzibar imeazima kwa Wahindi na Waarabu, na hakuna anayelalamika. Hata Karatu ina somo lake. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao kwenye mteremko wa kilima, paa la udongo likawa sawa na ardhi, adui apite bila kujua kwamba amekanyaga nyumba ya watu. Walijificha kwa sababu ya wizi wa mifugo, si kwa ajili ya mandhari. Hatari ilipopungua, walitoka ardhini, na wajukuu wao wakachagua tofali. Bati lina kelele mvua ikinyesha, linachoma jua likiwaka, lakini wamelichagua wenyewe. Hiyo ndiyo tofauti. Kuazima si kosa pale ambapo aliyeazimwa naye yuko huru kuazima.

Upande mwingine wa shilingi uko Msomera, wilayani Handeni, ambako tangu 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa. Huko kuna nyumba za kudumu zenye vyumba vitatu, zimepangwa kwa mistari na zote zinafanana. Paa halivuji, na hilo si jambo dogo kwa mama aliyezoea kuziba paa usiku. Ila ramani ilimkuta ikiwa imeshakamilika. Mtu aliyekuwa msanifu amekuwa mpokeaji wa funguo.

Kwa hiyo sioni kwamba swali la maadili kwa msanifu ni udongo au saruji, asili au usasa. Hoteli imetumia umbo la kale, Msomera imetumia umbo jipya, na kote kuwili mjuzi wa enkaji hakushika kalamu. Swali ni hili: yule ambaye nyumba inamhusu, anaweza kusema hapana ikasikika?

Msanifu hawezi kubadilisha sheria za hifadhi, najua. Mteja ndiye anayelipa. Lakini kabla ya kuazima umbo la nyumba ya mtu, angeweza angalau kubisha hodi kwa mwenye nyumba na kumuuliza: mama, wewe ungependa kujenga nini?