Mbwa Ana Mwenyewe, Kinyesi Hakina

Huku kwetu Mbezi kunapambazuka kwa mlio wa mageti. Kwenye saa kumi na moja na nusu geti la kwanza linafunguliwa kidogo, kiasi cha mbwa kupenya, na mbwa anapenya. Linafuata la pili, kisha la tatu. Wanyama hao wamelinda usiku kucha, wanastahili kunyoosha miguu, na sijamsikia mtu akiwaonea choyo kwa hilo. Ila hawatolewi kunyoosha miguu tu. Wanatolewa wakajisaidie nje, ili kule ndani, penye majani yaliyofyekwa vizuri na pevingi zilizopigwa deki, pabaki safi. Haja ikiisha wanaitwa, wanaingia, geti linafungwa. Kilichobaki barabarani ni chetu sote.

Wa kwanza kukutana nacho ni wanaokwenda kuswali alfajiri. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na pwani yetu hii wengi ni Mashafii, uchafu wa mbwa si sawa na tope. Ni najisi nzito: palipoguswa panaoshwa mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa mfikirie mzee ambaye kanzu yake imepigwa pasi tangu jana, adhana imekwisha, giza bado, naye ameshakanyaga. Arudi nyumbani, atafute udongo safi, aoshe mguu na kandambili mara saba, na swala ya jamaa ndiyo imempita. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia siku hizi anakwenda msikitini ameinamisha tochi kama mtu aliyedondosha hela. Wahenga walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini. Mtaani kwetu mchezea mbwa bado amelala. Anayeelekea kuingia naye msikitini ni jirani asiyemjua mbwa huyo hata jina.

Nyuma yake wanakuja watoto wa shule, halafu akina mama wanaowahi kuteka nafasi sokoni, halafu muuza vitumbua ambaye kabla ya kuwasha jiko lake pale kona huanza kwa kufukia fukia na mchanga. Kufukia kwenyewe, kama tutakavyoona, hakumalizi kitu.

Nimesikia hoja kwamba tunakuza jambo, kwamba kinyesi ni mbolea, kitaoza kiende zake. Hoja hii ina mizizi kwetu, maana tumekulia kwenye samadi. Mavi ya ng'ombe tumekandikia nyumba na kurutubishia migomba, wala hatukuona kinyaa. Lakini ng'ombe anakula majani. Mbwa anakula nyama na mabaki, na tumboni mwake wamo minyoo ambao hawana shida ya kuhamia kwa binadamu. Wapo wa jamii ya Toxocara, ambao mayai yao yakishatoka na kinyesi hukaa udongoni miaka. Mtoto akichezea mchanga kisha akatia vidole mdomoni, kiluwiluwi hutoka utumboni na kuzurura mwilini. Kikifika jichoni kinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Wapo pia safura wa mbwa, ambao viluwiluwi vyao hupenya ngozi ya anayetembea peku kwenye mchanga wenye unyevu na kuchora chini ya ngozi mistari myekundu inayowasha na kusogea siku hadi siku. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, mayai ya minyoo wengine wa mbwa yamekuwa yakiwaotesha watu uvimbe wa maji kwenye maini na mapafu, kwa viwango ambavyo vimehesabiwa kuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, mpaka shirika la afya la AMREF likaanzisha kazi maalumu ya kuukabili ugonjwa huo katika miaka ya 1980.

Katika haya yote kuna habari njema moja ambayo watu wachache wanaijua. Mayai ya Toxocara yakitoka hayawi na madhara papo hapo; yanahitaji kama wiki mbili au zaidi udongoni kabla hayajaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kinyesi kilichoondolewa leo kimeondoka na hatari yake. Kilichofukiwa kwa mguu juu juu kimewekewa akiba.

Ukileta mazungumzo haya kijiweni, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajawataja mbwa koko. Ni kweli wapo, nao wanajisaidia popote, na hilo ni la halmashauri na la wale wanaotupa vitoto vya mbwa majalalani. Lakini mbwa koko hana shingo yenye mkanda. Hawa wa alfajiri wanayo, wengine na kengele.

Shida iko kwa mtu anayefungua geti. Mtaani kwetu mwenye mbwa na anayemtoa mbwa ni watu wawili tofauti. Anayemtoa ni mlinzi au kijana wa kazi. Mlinzi aliajiriwa kukabili wezi. Katika makubaliano yake mbwa hakutajwa, na mshahara wake ni uleule amtoe asimtoe. Tajiri yake anatoka na gari saa kumi na mbili, vioo vimepandishwa, matairi yanapita juu ya kinyesi cha mbwa wake mwenyewe. Siku ukimsimamisha ukamweleza, jibu halibadiliki: “Nitamwambia kijana.” Anamwambia kweli. Kijana anaitikia “sawa bosi”, na mambo yanabaki yalivyokuwa, kwa kuwa hakuna beleshi alilopewa, wala shimo alilochimbiwa, wala dakika zilizoongezwa kwenye asubuhi yake ambayo tayari ina kuosha gari, kumwagilia maua na kufungua geti kila honi ikilia. Na matusi ya wapita njia anayapokea yeye. Muuza vitumbua hagombani na mwenye nyumba. Hajawahi hata kumwona. Anagombana na kijana.

(Mbwa mwenyewe simlaumu. Katika kisa hiki chote ni yeye peke yake anayefanya kile alichotolewa kufanya.)

Nilipokuwa nikisoma wenzetu wamefanyaje, kilichonivutia si ukubwa wa faini zao bali jinsi walivyoamua ni nani wa kuinama. Paris, katika miaka ya 1980, wakati Jacques Chirac akiwa meya, jiji lilijitwisha mzigo lenyewe: pikipiki maalumu zilipita barabarani zikifyonza kinyesi. Wenye mbwa wakaendelea kutembea vichwa juu, na baada ya miaka kadhaa ya gharama mpango ukaachwa, jiji likageukia kuwatoza wenye mbwa. New York ilianzia huko huko mwisho: tangu 1978 mwenye mbwa anaokota mwenyewe. Waingereza nao, katika sheria waliyoitunga 1996 na ambayo baadaye ilirithiwa na nyingine, waliandika kitu ambacho ningependa kukibandika kwenye mageti ya mtaani kwetu. Walisema yule ambaye kwa kawaida mbwa yuko mikononi mwake ndiye anayehesabiwa kuwa na dhamana ya mbwa, isipokuwa wakati huo kuna mtu mwingine mwenye dhamana hiyo. Wakaongeza kwamba kudai hukujua, hata kwa sababu hukuwepo, si udhuru; na kudai hukuwa na kifaa cha kuzolea pia si udhuru. Waliosamehewa ni wachache, wakiwemo vipofu.

Sisemi tuchukue sheria ya watu tuipachike kwetu. Sisi faini za usafi tunazijua: zinatangazwa kwa kipaza sauti mwezi mmoja, na mwezi unaofuata kipaza sauti kinatangaza mengine. Tunajua pia kusafisha kwa kishindo. Tarehe 9 Desemba 2015, baada ya Rais Magufuli kusema sikukuu ya Uhuru iadhimishwe kwa kufanya usafi, nchi nzima ilishika fagio na mitaro ikazibuliwa. Kishindo tunakiweza. Kinachotushinda ni ile kazi ndogo ya kila asubuhi ambayo hakuna kamera inayoifuata.

Picha nazo hazisaidii. Kwenye grupu la mtaa kuna mtu hupiga picha ya kinyesi, akairusha na maneno makali bila kutaja jina. Wanaocheka wanacheka, wanaolaani wanalaani, na mwenye mbwa analaani pamoja nao, tena kwa herufi kubwa. Kinyesi kiko palepale kinakauka. Mimi naona afadhali ya hodi. Nenda jioni, mwenye nyumba akiwepo. Msalimie, uliza hali za watoto, kunywa maji ukipewa, kisha sema kwa nini umekuja. Neno “jirani” bado lina uzito likitamkwa uso kwa uso, na ni wachache wanaoweza kusema “nitamwambia kijana” huku wanatazamana na mzee ambaye jamaa imempita.

Ukishakubaliwa, vifaa si tatizo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na kwa kazi hii hatuihitaji. Beleshi dogo linatosha, au gazeti la jana. Hata ukurasa huu, ukiisha kuusoma. Kinyesi kitupwe chooni kwenye shimo, au kichimbiwe shimo la kina mbali na kisima na mbali na tuta la mchicha. Kisitupwe mtaroni, maana masika yakija mtaro huo hupita kwenye nyua za watu wa bondeni. Vitoto vya mbwa vipewe dawa ya minyoo mapema, kwa kuwa wao ndio wanaomwaga mayai mengi zaidi. Na kijana, kama ndiye atakayeendelea kuifanya kazi hii, aongezewe kitu mwisho wa mwezi. Ulinzi ni kazi moja na hii ni nyingine.

Kikao kijacho cha mtaa nakwenda na pendekezo moja: kila mwenye mbwa ajulikane kwa mjumbe wake, jina lake mwenyewe na si la mlinzi, ili bwana afya akija ajue anagonga wapi. Faini tuiweke kando kwanza. Nawajua majirani zangu. Atainuka mtu kule nyuma aulize mbona sizungumzii mbuzi wa fulani wanaomaliza maua ya watu. Swali zuri. Liingizwe kwenye ajenda, chini ya mbwa.