Karama Hupewa, Tabia Hulelewa

Andiko: 2 Wafalme 3:9–12, 2 Wafalme 5:20–27



Wafalme watatu walikuwa njiani kwenda kupigana na Moabu. Walizunguka siku saba, maji yakaisha, ya watu na ya wanyama. Yehoshafati wa Yuda akauliza kama kuna nabii wa Bwana karibu. Mtumishi mmoja akajibu kwamba yuko Elisha mwana wa Shafati. Sasa angalia vile alivyomtambulisha. Hakusema ni yule aliyepiga maji ya Yordani yakagawanyika. Hakutaja sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Alisema tu kwamba huyo ndiye aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi.

Sisi tunaijua hiyo kazi. Chakula kikiwa tayari, mtoto anabeba jagi na beseni, anawazungukia wageni mmoja mmoja. Hakuna anayempigia makofi. Lakini yule anayenawisha yuko karibu. Anasikia mazungumzo ya wakubwa, anajua mzee akiwa na furaha na akiwa amechoka. Na kumbuka Elisha hakuwa mtu wa kukosa kazi. Eliya alimkuta akilima kwa jozi 12 za ng'ombe (1 Wafalme 19:19). Mtu wa shamba kubwa namna hiyo aliacha ng'ombe akaenda kushika jagi.

Kanisa, tunapenda sana habari ya lile vazi lililoanguka. Mimi pia naipenda. Lakini tukubali ukweli huu: karama inaweza kuja usiku mmoja. Mtu aliyeokoka wiki jana anaweza kuja kesha ya Ijumaa na kunena kwa lugha kabla jogoo hajawika. Tabia haiji hivyo. Paulo akiandikia Wagalatia anaiita tunda (5:22–23), na tunda lina msimu wake. Hakuna kesha ya kuivisha maembe.

Hebu niwaambie vile nilijifunza jambo hili.

Kabla sijawekewa mikono, nilikuwa mweka hazina wa vijana. Nilikuwa na digrii ya biashara, kwa hivyo kila mtu aliona mimi ndiye ninafaa. Pesa za kambi ya Agosti zilikuwa kwenye simu yangu. Mwezi huo kodi ya nyumba ikanishinda, mwenye nyumba akaanza kupiga simu asubuhi na jioni. Nikachukua shilingi 12,000 za kambi. Nilijiambia, “Si wizi, ninakopa.” Baada ya wiki tatu nikarudisha zote. Hakuna aliyejua.

Lakini katikati ya hizo wiki tatu nilihubiri kwenye ibada ya vijana, na nguvu za Mungu zikashuka. Watu walilia. Wawili wakaokoka. Nilitoka madhabahuni nikitetemeka, na haikuwa upako. Niliogopa kwa sababu niliona ninaweza kuishi hivyo miaka yote. Karama ingeendelea kufanya kazi, watu wangeendelea kusema amina, na mimi ningekuwa ninaoza ndani pole pole.

Chuoni tulifundishwa kwamba anayeshika pesa siye anayekagua vitabu. Si kwamba kila mhasibu ni mwizi. Ni kwamba hakuna mtu anayeona vizuri makosa yake mwenyewe. Nilijua hivyo kuhusu pesa za kampuni. Sikuwahi kufikiri kwamba moyo wangu pia unahitaji mkaguzi.

Kulikuwa na mzee mmoja kanisani, fundi wa viatu, hakupita darasa la saba. Alikuwa wa kwanza kufika maombi ya alfajiri. Nilimwendea kibandani kwake nikamweleza yote. Hakunigombeza. Pia hakuniambia, “Usijali, Mungu ni wa neema.” Aliweka kiatu chini, akafungua Biblia, akanipa nisome kwa sauti habari ya Gehazi.

Mnaijua. Naamani amepona ukoma, Elisha amekataa zawadi zake. Gehazi anamkimbilia nyuma, anadanganya, anapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili, anaficha nyumbani. Akirudi, Elisha anamuuliza ametoka wapi. Hapo mzee akanisimamisha.

“Kijana wangu, unafikiri nabii hakuwa anajua?”

Nikasema alikuwa anajua.

“Basi kwa nini alimuuliza?”

Nilikaa kimya. Akasema, “Alimfungulia mlango. Gehazi akajibu hakwenda mahali. Akajifungia nje mwenyewe.”

Wapendwa, Gehazi naye alikaa karibu na mtu wa Mungu. Aliona miujiza kwa macho yake. Lakini aliwasilisha mwili tu, moyo akauficha. Unaweza kukaa kiti cha mbele miaka kumi, ukambebea mchungaji Biblia, na usibadilike hata kidogo. Ukaribu unasaidia yule anayekubali kuulizwa.

Mzee aliniambia niende kwa kamati ya vijana niseme. Nilimwambia, “Mzee, lakini pesa nilirudisha.” Akasema, “Pesa ulirudisha. Ukweli bado uko nao.” Nilienda. Ilikuwa jioni ngumu kuliko zote nimewahi kuwa nazo kanisani. Niliondolewa kwenye hazina. Rafiki yangu mmoja hakuniongelesha miezi mingi, na sikumlaumu. Hata mahubiri nilisimamishwa kwa muda.

Kisha mzee akaanza kunilea. Kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajafungua kibanda, tulikutana kwake. Hatukufanya mambo makubwa. Tulisoma sura moja kwa sauti. Tulinyamaza kidogo mbele za Mungu, kitu ambacho mimi, mtu wa kelele, kilinisumbua sana. Jumatano nilifunga chakula cha mchana, na pesa ya hicho chakula nikampa mtu asiye nacho. Kila mwisho wa mwezi nilimwonyesha pesa zilizoingia na kutoka kwenye simu yangu. Halafu kila Alhamisi aliniuliza swali lile lile la Elisha: “Wiki hii umetoka wapi?”

Na wageni wakija kwake, alinipa jagi na beseni. Mimi na digrii yangu. Mara ya kwanza niliona aibu. Baadaye nikaelewa.

Miezi ya kwanza sikuona tofauti. Kufunga kulinipa njaa tu. Lakini siku moja mtu alinitumia pesa kwa makosa, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshampigia simu nimrudishie. Nilikaa chini nikashangaa. Hakuna aliyeniombea siku hiyo. Tunda lilikuwa limeiva bila kelele.

Sasa, tahadhari. Kulelewa si kumwabudu mtu. Paulo aliwaita Wakorintho wamfuate yeye jinsi yeye anavyomfuata Kristo (1 Wakorintho 11:1), na mpaka uko hapo. Anayekuomba pesa ili akuombee, au anayebeba siri zako kuzipeleka kwa wengine, huyo si mlezi. Na kina mama, Tito 2:3–5 inawapa wanawake wazee kazi ya kuwafundisha wadogo. Kina dada walelewe na kina mama.

Na ninyi wazee wetu, msiseme hamkusoma. Aliyenilea hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na maisha ambayo angeweza kuyafungua nikayaona. Vijana wenu hapa wana vyeti tele, na wanakufa wakiwa peke yao ndani ya simu zao.

Wiki hii fanya mambo matatu. Moja, chagua zoezi moja dogo, sura moja kila asubuhi au mlo mmoja wa kufunga, na ulishike kwa siku arobaini. Mbili, taja mtu mmoja unayemheshimu kwa maisha yake, si kwa kipaza sauti chake, na umwombe mkutane. Tatu, akikuuliza umetoka wapi, usimjibu kama Gehazi.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni nani leo ana ruhusa ya kukuuliza swali gumu?
2. Kuna jambo “ulilorudisha” lakini ukweli wake bado umeushika?
3. Unaweza kumlea nani, na utaanza siku gani?

Tuombe. Bwana Yesu, umetupa karama na tunakushukuru. Sasa tupe uvumilivu wa kulelewa. Tuletee watu watakaotuuliza, na utupe ujasiri wa kujibu ukweli. Usituache tuhubiri vizuri na kuoza ndani. Katika jina lako tumeomba. Amina.